Merian Cooper: Rubani Aliyegawa Chakula na Kutengeneza Sinema

Katika miaka ya 1950 magari ya sinema ya Serikali yalikuwa yakizunguka katika vijiji vya Kenya, na jioni wakubwa kwa wadogo walikaa chini mbele ya kitambaa cheupe wakingoja giza liingie. Picha zilipokwisha, maswali yalikuwa mengi. Mmoja alitaka kuelezwa jinsi mashine inavyofanya kazi, mwingine aliuliza kama yule mtu aliyeanguka alikufa kweli. Lakini liko swali lililo gumu kuliko hayo, nalo ni hili: Ni nani aliyesimama nyuma ya kamera, na kwa nini ametuonyesha jambo hili asituonyeshe lile?

Kulijibu swali hilo kwa maneno matupu si rahisi. Afadhali tutazame maisha ya mtu mmoja. Mtu huyo ni Merian Caldwell Cooper, Mmarekani, ambaye alikuwa rubani wa vita, kisha mgawaji wa chakula kwa watu wenye njaa, kisha mfungwa mwenye njaa yeye mwenyewe, na baadaye mtengenezaji wa sinema. Watu wengi wanamkumbuka kwa picha moja tu, King Kong, iliyotolewa mwaka 1933, yenye habari za gorila mkubwa mno aliyepanda juu ya jumba refu la New York. Mimi naona kwamba picha hiyo si iliyo bora katika kazi zake, na nitaeleza sababu yangu mahali pake.

Deni la ukoo

Cooper alizaliwa tarehe 24 Oktoba 1893 katika mji wa Jacksonville, jimbo la Florida, upande wa kusini wa Marekani. Nyumbani kwao zilisimuliwa mara nyingi habari za Kanali John Cooper, mzee wa ukoo, aliyepigana zamani pamoja na Jemadari Pułaski. Huyu Pułaski alikuwa mtu wa nchi ya Poland, aliyevuka bahari kwenda kuwasaidia Wamarekani walipokuwa wakipigania uhuru wao kutoka kwa Waingereza, naye akapata jeraha la mauti katika vita vya Savannah mwaka 1779. Basi mtoto Merian alikua akijua kwamba ukoo wao una deni kwa Wapolandi. Deni la namna hiyo wazee wetu wanalifahamu sana. Halina hati wala riba, wala aliyekopa si yule atakayelipa.

Alipokuwa kijana aliingia chuo cha wanamaji cha Annapolis, lakini alitoka kabla ya kumaliza. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917 alijifunza kurusha ndege, akapelekwa Ufaransa. Ndege aliyopewa ilikuwa ya aina ya DH-4, iliyochukua watu wawili, rubani mbele na mtazamaji nyuma. Tarehe 26 Septemba 1918 ndege za Wajerumani ziliwashambulia, na injini ikashika moto. Marubani wa Marekani siku zile hawakuwa na parachuti. Mikono ya Cooper iliungua vibaya. Alikuwa karibu kujirusha, maana aliona kufa kwa kuanguka ni kwepesi kuliko kufa kwa moto, ndipo alipogeuka akaona kwamba mwenzake, Luteni Edmund Leonard, yu hai ingawa amejeruhiwa. Basi hakuruka. Aliiporomosha ndege kwa kasi mpaka upepo ukauzima moto, akaitua upande wa adui kwa kutumia viwiko na magoti, kwa sababu vidole havikuweza tena kushika kitu. Wajerumani waliwatibu wote wawili wakawafanya wafungwa. Huko kwao jeshi lilikuwa limekwisha kumhesabu Cooper kuwa amekufa.

Naomba msomaji ayakumbuke makovu ya mikono hiyo, maana tutayakuta tena.

Chakula katika mji wa Lwów

Vita vilikwisha Novemba 1918, lakini njaa haikwisha. Katika Ulaya ya mashariki mashamba yalikuwa yamekanyagwa na majeshi kwa miaka minne, farasi wa kulimia walikuwa wamechukuliwa, reli zilikuwa zimeharibika, na fedha zilikuwa zimepoteza thamani. Mwezi wa Februari 1919 Bunge la Marekani lilitoa dola milioni 100 za kununua chakula cha kuwaokoa watu hao, na kazi ikawekwa mikononi mwa Bwana Herbert Hoover, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Rais wa nchi. Hilo ndilo lililokuwa Shirika la Msaada la Marekani. Mwaka ule ule shughuli ya Serikali ilipofungwa, shirika liliendelea kuwalisha watoto kwa sadaka za watu.

Wasimamizi wengi wa shirika walikuwa maofisa wa jeshi waliokuwa bado wako Ulaya, nao walifaa kwa kuwa walizoea kuhesabu shehena na kutoa amri. Kapteni Cooper alipelekwa Lwów, mji ambao siku hizi huitwa Lviv, nao umo katika nchi ya Ukraine. Wakati ule Wapolandi na Waukraine walikuwa wakiugombea kwa silaha, na mizinga ilisikika mjini.

Msomaji asidhani kwamba kugawa chakula ni kufungua magunia tu. Unga ulitoka Marekani kwa merikebu mpaka bandari ya Danzig, ukapakiwa katika magari ya moshi, ukalindwa usiibwe njiani, ukafika katika mji ambao kila mtu ana njaa na kila mtu ana ndugu. Agawiwe nani kwanza? Mgawaji akikosea kidogo tu, mwenye nguvu atakula mara mbili na yatima atalala njaa. Yeyote aliyewahi kusimamia chakula cha msaada wakati wa ukame katika wilaya zetu anajua kwamba siku ya kugawa ndiyo siku ambayo mtu hujipatia adui zake.

Katika kuwalisha watoto shirika lilikuwa na utaratibu wake. Majiko yaliendeshwa na kamati za wenyeji wenyewe. Watoto waliodhoofu zaidi walichaguliwa wakapewa kadi, na kila mmoja alipata mlo mmoja kwa siku, wa maziwa, mchele, maharagwe, mkate, au kakao yenye sukari. Mlo huo ulipaswa kuliwa pale pale jikoni. Amri hiyo yaweza kuonekana kuwa kali, maana mtoto aliyeacha ndugu watano nyumbani hutaka kuwachukulia. Lakini chakula kikishatoka mlangoni hakuna ajuaye kitaliwa na nani, na mwisho wa mwezi mtoto aliyeandikwa kwenye kadi huonekana angali mifupa mitupu. Mwaka 1920 watoto zaidi ya milioni moja katika Poland walikuwa wakilishwa kwa njia hiyo.

Cooper hakudumu katika kazi hiyo. Poland ilikuwa ikipigana na Wabolsheviki wa Urusi, na deni la Pułaski lilikuwa likimwasha moyoni. Mwaka 1919 yeye na Meja Cedric Fauntleroy waliwakusanya marubani wengine wa Kimarekani huko Paris, wakaunda kikosi cha ndege cha kuisaidia Poland, wakakiita kwa jina la Kościuszko, Mpolandi mwingine aliyewasaidia Wamarekani zamani. Wako watakaosema kwamba mtu aliyekwisha kugawa maziwa kwa watoto hapaswi kuirudia bunduki. Mimi simhukumu, lakini ni haki kusema kwamba tangu hapo hakuwa tena mtu wa kati, na kwa Warusi alikuwa adui tu. Watatu kati ya Wamarekani wa kikosi hicho walikufa katika utumishi huo, na kumbukumbu yao ilijengwa katika makaburi ya Lwów. Alama ya kikosi ilirithiwa na marubani wa Kipolandi wa kikosi namba 303, waliosaidia kuilinda Uingereza mwaka 1940.

Mfungwa na bibi aliyeleta chakula

Julai 1920 ndege ya Cooper iliangushwa katikati ya askari wapanda farasi wa Jemadari Budyonny. Askari hao hawakuwa na huruma kwa maofisa, na rubani tena ndiye waliyemchukia kuliko wote. Sasa, nguo ya ndani aliyokuwa ameivaa ilikuwa ya mtumba, na juu yake lilipigwa chapa jina la askari mmoja wa cheo cha chini, Frank Mosher. Cooper alijiita kwa jina hilo. Akawaonyesha na mikono yake iliyoungua, ikakakamaa na kujikunja. Wale askari wakaona kwamba hiyo si mikono ya bwana mkubwa, ni ya mtu wa kazi ngumu. Hivyo aliokoka. Mwandishi Isaac Babel, aliyekuwa akifuatana na jeshi lile, aliandika katika kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku habari za kuonana na mfungwa huyo Mmarekani, akimwita Mosher, kwa kuwa hakujua jina lingine.

Alifungwa karibu na Moscow. Yule aliyekuwa akipima unga wa wengine sasa alipimiwa mkate wake, nao ulikuwa mdogo. Katika mji huo alikuwako bibi mmoja Mmarekani, Marguerite Harrison, mjane, mwandishi wa magazeti, ambaye pia alikuwa mpelelezi wa Serikali yake. Bi. Harrison alikuwa akiwapelekea wafungwa wa Kimarekani vyakula kidogo alivyoweza kuvipata, na alipopata habari za huyo aitwaye Mosher akampelekea naye, kisha akatambua kwamba ni Kapteni Cooper, ambaye walikuwa wamekutana zamani huko Warsaw. Siri hiyo hakuitoa. Oktoba 1920 yeye mwenyewe akatiwa gerezani.

Aprili 1921 Cooper alitoroka pamoja na maofisa wawili wa Kipolandi, wakasafiri kwa kujificha mpaka nchi ya Latvia. Bi. Harrison hakuweza kutoroka. Lililomfungua ni chakula. Mwaka ule ukame na vita vilileta njaa kubwa sana katika Urusi, hata serikali ya Wabolsheviki ikakubali msaada wa nje. Bwana Hoover alijibu kwamba atapeleka chakula, ila kwanza Wamarekani wote waliofungwa waachiliwe. Basi Bi. Harrison akatoka gerezani mwezi wa Julai 1921, na baada ya kupatana katika mji wa Riga mwezi wa Agosti shirika lile lile aliloanzia Cooper likaingia Urusi. Agosti 1922 lilikuwa likiwalisha watu wapatao milioni kumi kila siku, wengi wao raia wa serikali iliyokuwa imemfunga yeye.

Majani

Cooper alirudi kwao akafanya kazi ya gazeti huko New York, lakini alichoka kukaa. Mwaka 1922 aliingia katika merikebu ya wasafiri iliyozunguka bahari za dunia, akamwita rafiki yake Ernest Schoedsack, mpiga picha mrefu kama mnazi, ambaye walijuana Vienna baada ya vita. Walifika Uhabeshi wakapiga picha za Ras Tafari, ambaye baadaye alitawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie. Picha zile hazikuonekana na watu. Merikebu ilishika moto ikiwa katika bandari ya Italia, nazo zikateketea.

Ndipo wakafanya shauri la kutengeneza sinema yao wenyewe, na mtu wa tatu alikuwa Bi. Harrison, ambaye alitoa sehemu kubwa ya gharama na kusafiri nao. Msomaji aitazame safari hii: mwanamume, na bibi aliyemlisha gerezani, na mpiga picha. Wakavuka Uturuki, wakapita Baghdad, wakafika kusini-magharibi mwa Uajemi, ambayo leo ni Iran, kwa kabila la wafugaji waitwao Wabakhtiari. Ilikuwa mwaka 1924.

Jambo la Wabakhtiari halihitaji maelezo marefu kwa Mmasai, wala kwa Mturkana, Msomali au Mborana. Wakati wa baridi watu hao hukaa katika nchi ya chini iliyo karibu na Ghuba. Jua la masika likishika, majani hukauka, na mifugo haina budi kupelekwa katika mabonde ya juu, ng'ambo ya milima, mahali ambapo theluji imeyeyuka na majani ni mabichi. Lakini kati ya nchi ya chini na majani hayo upo mto Karun, na baada ya mto upo mlima Zardeh Kuh, wenye urefu wa futi zaidi ya 13,000. Katika mwaka ule, kwa hesabu ya Cooper, walihama watu 50,000 na wanyama nusu milioni.

Mto ulikuwa umejaa maji ya theluji, baridi na yenye nguvu. Hapakuwa na daraja wala mashua. Watu walizipuliza ngozi za mbuzi mpaka zikajaa hewa, wakazifunga chini ya fito kama chelezo, wakawapakia juu yake wanawake, watoto, wana-kondoo na mizigo. Wanaume walijilaza kila mmoja juu ya ngozi yake, wakaogelea kando ya ng'ombe na farasi wakiwapigia kelele. Wanyama wengi walichukuliwa na maji. Kazi hiyo ilidumu siku nyingi, wakienda na kurudi. Kisha ikaja theluji ya Zardeh Kuh. Wanaume walitangulia wakachimba njia kwa majembe, wengi wao miguu mitupu, maana viatu vyao vya nguo haviwezi theluji. Na nyuma yao mstari wa watu na wanyama ukapanda, ukikata kona baada ya kona, mpaka ukawa kama uzi mweusi uliotupwa juu ya shuka jeupe. Yumo mzee Haidar Khan, mkuu wa ukoo mmoja, na mwanawe mdogo Lufta. Wamo akina mama waliobeba watoto mgongoni katika vitanda vya mbao.

Picha ikaitwa Grass, yaani majani, na ilionyeshwa kwa watu wote mwaka 1925. Hakuna mchezaji aliyelipwa, hakuna mapenzi wala upelelezi. Watu wanatafuta chakula cha mifugo yao ili wao wenyewe wapate kula, basi. Mimi naamini kwamba Cooper aliweza kuitengeneza kwa sababu alikuwa amesimama pande zote mbili za sufuria, kama mgawaji na kama mwenye kugawiwa. Hakuwachekelea watu wale wala hakuwaonea huruma ya kupita, aliwastaajabia.

Hata hivyo haikukosa kasoro, na kasoro yake inafundisha. Siku zile sinema haikuwa na sauti, na maelezo yaliandikwa juu ya filamu yenyewe. Maneno ya Grass hayakuandikwa kule mlimani, yaliandikwa baadaye huko Marekani na watu ambao hawakuwako safarini, nao wakayajaza mshangao na mzaha ili watazamaji wa mjini wasichoke. Kwa hiyo jicho linaona mtu mwenye akili na subira akivuka mto, na maandishi yanamtaja kama mtu wa kale aliyesahauliwa na dunia. Mimi ambaye kazi yangu ni kutafsiri najua jinsi jambo hilo linavyotokea: picha ni ya mmoja, na maneno ni ya mwingine. Tena Wabakhtiari wenyewe hawakuulizwa neno. Fedha zilikuwa zimewaishia hao wasafiri, na shauri lao la kukaa na jamaa mmoja na kueleza maisha yake halikutimia.

Baada ya hapo Cooper na Schoedsack walikwenda Siam, ambayo leo ni Thailand, wakatengeneza Chang, yaani tembo katika lugha ya huko, yenye habari za mkulima mmoja na jamaa yake wanaoishi karibu na msitu. Ilitoka mwaka 1927, ikasifiwa sana. Lakini humo mambo mengi yalipangwa mbele ya kamera. Na hapo ndipo njia ilipoanza kugeuka kutoka kuona na kwenda kubuni.

Gorila wa inchi 18

Alipokuwa mtoto wa miaka sita Cooper alipewa kitabu cha msafiri Paul Du Chaillu, aliyetembea katika misitu ya Gabon na kuandika habari za gorila kwa chumvi nyingi. Kitabu hicho hakikumtoka kichwani. Mwaka 1933, katika kampuni ya RKO, yeye na Schoedsack walitoa King Kong.

Jinsi ilivyofanywa ni jambo la kupendeza, na wengi huuliza. Yule Kong anayeonekana kuwa mkubwa kuliko nyumba alikuwa sanamu yenye urefu wa inchi 18 hivi, kama mkono wa mtu kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya chuma yenye viungo vinavyokunjika, na juu yake ngozi ya sungura. Fundi Willis O'Brien na wasaidizi wake waliisogeza sanamu kidogo sana, wakapiga picha moja. Wakaisogeza tena, wakapiga nyingine. Sinema yenye sauti hupitisha picha 24 kwa kila sekunde, kwa hiyo mwendo wa dakika moja wataka picha 1,440. Jicho letu haliwezi kuzitenga, nalo huona kitu kinachotembea. Ukitazama vizuri utaona manyoya ya Kong yakitikisika bila upepo: ni alama za vidole vya mafundi kila waliposhika. Watu wengine walidhani ni hasira ya mnyama. Sauti yake ilitokana na ngurumo za simba na chui-milia, zikapigwa polepole na kwa kinyumenyume. Viko pia kichwa kikubwa na mkono mkubwa vilivyojengwa kwa ajili ya picha za karibu. Mwishoni ndege zinapompiga Kong juu ya jumba, rubani wa ndege moja ni Cooper mwenyewe, na mpiga bunduki ni Schoedsack.

Ufundi huo nausifu. Lakini gorila wa kweli hali watu. Hula majani na machipukizi, na asiposumbuliwa hukaa na jamaa zake kwa amani, kama wajuavyo majirani zetu wa Uganda na Rwanda, ambao misitu yao hutembelewa na wageni wa dunia nzima wanaokwenda kumwona. Na kibaya zaidi ni wenyeji wa kile kisiwa cha kubuni, wanaoonyeshwa kama washenzi wanaoruka na kupiga kelele, na kumtoa mwanamke awe sadaka kwa mnyama. Wabakhtiari Cooper aliwaona kwa macho yake, akala nao. Watu wa kisiwa hicho hakuwaona mahali popote, kwa kuwa hawakuwako. Aliwatunga kutokana na vitabu alivyovisoma, na kwa miaka mingi watazamaji wa Ulaya na Marekani walidhani kwamba ndivyo watu weusi walivyo.

Yule aliyecheza kama mkuu wa kisiwa ni Noble Johnson, Mmarekani mweusi. Ni vizuri ijulikane kwamba mwaka 1916 Johnson alikuwa mmoja wa walioanzisha kampuni ya Lincoln Motion Picture, katika makampuni ya kwanza ya sinema yaliyokuwa mali ya watu weusi. Picha yake ya kwanza ilikuwa na habari za kijana mweusi aliyesomea uhandisi na kujitafutia maendeleo. Kampuni ilikosa mtaji ikafa baada ya miaka michache, na mwenyewe akabaki kuvaa manyoya na mifupa katika picha za wengine ili apate riziki. Fedha za kuitengeneza King Kong zilizidi dola 600,000.

Miaka ya mwisho

Yaliyofuata nitayapita upesi. Vita Kuu ya Pili ilipofika Marekani, Cooper alirudi jeshini akiwa na umri wa miaka karibu 50, akatumikia China chini ya Jemadari Chennault, kisha katika visiwa vya Pasifiki, na tarehe 2 Septemba 1945 alikuwako katika manowari Missouri Wajapani walipotia sahihi ya kushindwa. Baadaye alipandishwa cheo kuwa Brigedia Jenerali. Alishirikiana na John Ford kutengeneza sinema nyingi, na mwaka 1952 alisaidia kuleta Cinerama, iliyotumia mashine tatu kwa pamoja juu ya kitambaa kipana kilichopinda. Mwaka 1953 alipewa tuzo ya heshima ya Oscar. Chuki yake kwa Wakomunisti haikupoa mpaka mwisho. Alikufa tarehe 21 Aprili 1973 katika mji wa San Diego, siku moja baada ya kufa kwa Robert Armstrong, ambaye katika King Kong alicheza kama mtengenezaji sinema, mtu aliyefanana sana na Cooper mwenyewe.

Grass ingaliko. Mwaka 1997 ilitiwa katika orodha ya sinema ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani inazihifadhi zisipotee. Wako Wabakhtiari ambao mpaka leo huhama kila mwaka kuyafuata majani, ingawa idadi yao imepungua sana. Madaraja yamejengwa juu ya Karun, na wengi wa wanaohama huwapandisha kondoo wao katika malori.